Supu ya Kwa Mjapani

Chifu Abdimalik alipoingia mkahawani Kwa Mjapani, wateja wawili waliokuwa wamekaa karibu na mlango, pale kaupepo kidogo ka Garissa kanapopita, walijikuta wamesimama na sahani mikononi.

"Sogeeni, sogeeni," alisema, na tayari amekaa. "Serikali inasikia joto kuliko nyinyi."

Wakacheka. Chifu akifanya mzaha hucheka hata aliyenyang'anywa kiti. Akavua kofia yake ya kazi, akaitupa kwenye meza ya jirani karibu na chakula cha mtu, akanyoosha mikono mbele bila kumtazama yeyote.

"Sakariye! Maji."

Samsam ndiye aliyekuwa karibu na birika. Alipolishika, chifu akatikisa kidole. "Si wewe, binti. Baba yako. Mimi huoshwa na mwenye mkahawa."

Sakariye Ogle akatoka jikoni na aproni yake yenye madoa ya soya, akachukua birika na beseni, akainama. Chifu alisugua kidole kimoja kimoja, huku akiwasimulia wateja habari za D.O. mpya, afisa wa tarafa asiyejua hata kufunga kilemba, mpaka mgongo wa Sakariye ukaanza kuwaka moto. Ndevu zake zilikuwa zimeshaingia mvi. Walikuwepo watu pale waliokula naye sikukuu, na wote walitazama sahani zao.

"Sasa leta baasto yangu. Supu nyingi, ndimu pembeni. Na vile vijiti vyako viweke huko huko, mimi si kuku wa kudonoa."

Mkahawa wenyewe haukuwa kitu cha kujivunia ukiuona kwa nje: mabati, mbao, meza chache na pipa la maji. Lakini hapakuwa na mahali pengine kati ya Garissa na Mandera pa kula chakula kile. Sakariye hakusoma. Alichokijua alikipata kambini kwa Wajapani waliokuja kuchimba visima, alikoanza kwa kuosha sufuria na kuishia kumsaidia mpishi wao, mzee mmoja mkimya aitwaye Ishida. Wajapani walipofunga mahema yao, yeye alibaki na ladha mdomoni, akaanza kuioanisha na vya nyumbani. Nyama ya ngamia aliikata nyembamba, akailaza kwenye soya, tangawizi na tende zilizopondwa. Tende zilishika nafasi ya ile pombe tamu ya Ishida ambayo mkono wa Sakariye haukuwahi kuigusa. Wali aliufinyanga kwa kiganja na kuuviringisha kwenye ufuta wa mashamba ya mtoni. Baasto, ile tambi ndefu ambayo Msomali huipenda kama mwanawe, aliichemsha na chembe ya magadi ikawa inaruka mdomoni, akaizamisha kwenye supu safi kama maji ya mvua, na ndizi pembeni, maana baasto bila ndizi watu wangeandamana.

Chifu alifyonza supu kwa sauti, akafumba macho.

"Wallahi, Mjapani, huyu ng'ombe unayemchemsha wewe, hata yeye mwenyewe hakujua ana utamu huu."

"Tunashukuru, Chifu," Sakariye alisema.

Hapakuwa na ng'ombe. Supu ile ilikuwa ya ngege, samaki wa Mto Tana, waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa wagumu kama mbao, kisha wakakwanguliwa kwa randa ya seremala, vumbi lao likatiwa kwenye maji ya moto na kuchujwa kwa kitambaa. Ndivyo Ishida alivyofanya na samaki wake wa kwao, na walipomwishia kambini akawajaribu wa hapa. Sakariye aliianza supu hiyo mwaka mmoja nyuma, wakati wa mafuriko, ugonjwa wa mifugo ulipoingia na uchinjaji ukapigwa marufuku. Watu walikuwa na njaa ya mchuzi. Waliuliza ni ya nini, akawajibu ni ya Kijapani, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Waliojua ni watatu: yeye, Samsam, na Bonaya, shemeji yake, aliyewavua hao samaki.

Ni kweli kwamba samaki ni halali. Hilo sheikh yeyote atakwambia. Na mjini walikuwepo waliokula kimya kimya. Lakini kwa watu wa ngamia, watu wa chifu na wa Sakariye pia, samaki ni chakula cha aliyekosa mnyama na aliyekosa ukoo. Kumwita mtu mla samaki ni kumwambia huna kwenu. Chifu Abdimalik alikuwa hodari sana wa tusi hilo. Alilitumia kwa watu wa mtoni wote, wakulima na wavuvi, akiwa barazani na kipaza sauti mkononi.

Na Arbia, mke wa Sakariye, alikuwa binti wa mtoni.

Maji yalipopanda, alikuwa kwao kumuuguza mama yake, mimba ikiwa kubwa. Uchungu ukamshika wakiwa juu ya kichuguu, maji pande zote. Serikali ilikuwa imeleta boti moja, na kama ilivyo desturi ya serikali, ikamkabidhi chifu, mtu ambaye nyumba yake haikuingiwa na hata tone. Sakariye alimpigia chifu magoti mbele ya ofisi. Chifu akaapa kwamba injini imekufa. Siku ile ile Bonaya aliiona ile boti ikipita na magodoro na mbuzi. Arbia alifia pale juu ya kichuguu, na mtoto naye. Dereva wa boti akahamishiwa Banissa, mwisho wa nchi, na neno la chifu likabaki peke yake. Nani angemshtaki chifu kwa chifu?

Basi, tangu siku hiyo, kila chifu alipofyonza supu, Sakariye alisimama nyuma ya pazia la jikoni akimtazama koo linavyopanda na kushuka. Ilikuwa ndiyo raha yake. Hakuwa na nyingine.

Sasa, chifu alipomaliza supu yake, alimwita Sakariye tena.

"Sikiliza. Alhamisi wazee wanakuja. Wa Bute, wa Balambala, kila mahali. Wanakuja kuniweka mimi niwe msemaji wa ukoo wote, si chifu wa vumbi hili tu. Watakula hapa. Utawapikia baasto hii hii, supu hii hii."

"Haya, Chifu."

"Unajua hii kona ni ya serikali, siyo? Wazee wakifurahi, utakaa hapa mpaka uzeeke. Ukiniaibisha..." Aliinua kofia yake, akaipangusa. "Greda la baraza la mji halina kazi wiki hii."

*

"Aabo, usifikirie unachofikiria," Samsam alisema jioni wakiosha vyombo.

"Nafikiria nini?"

"Nakujua. Huo uso ulikuwa nao siku ya mazishi."

Sakariye alisugua sufuria. "Nitawaambia, Samsam. Wakishashiba, mbele yake, nitawaambia wamekula nini. Na kwamba yeye anakula mwaka mzima na kulamba kidole. Atachekwa mpaka Mandera. Watoto wake watachekwa."

"Na kesho yake greda linakuja."

"Lije."

"Lije?" Samsam akaweka sahani chini kwa nguvu. "Meza hizi nilizipaka rangi mimi. Asubuhi nani huenda sokoni? Nani huvumilia mikono ya madereva wa malori? Mimi nilisema, siku moja Samsam atakuwa na mkahawa wa ukuta wa mawe. Hooyo aliyenizaa amekufa, Aabo. Mimi bado niko hai. Nitakula kicheko cha watu wa Mandera?"

Sakariye akarudia kusugua sufuria. Alikuwa na majibu mengi, lakini yote yalikuwa ya mtu aliyekwisha amua.

Jumatano Bonaya alivuka daraja na gunia la samaki waliokauka begani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyochanwa na nyavu, na alimpenda dada yake kuliko alivyomwogopa Mungu, maneno yake mwenyewe. Sakariye alimweleza mpango wote akitabasamu, akitegemea naye acheke.

Bonaya hakucheka.

"Shemeji, nikuulize. Ungetaka kumwaibisha mtu, ungemlisha mavi. Siyo?"

"Ee."

"Na sasa unamlisha samaki wangu." Akalisukuma gunia kwa mguu. "Kwa hivyo kwako wewe pia, hiki ni sawa na kile. Umekaa na dada yangu miaka yote, umekula mkononi mwake, na moyoni ulikuwa unashikilia pua."

"Si hivyo, Bonaya..."

"Ni hivyo. Chukua. Sitaki hata shukrani." Akaondoka bila kunywa chai.

Maneno yale yalimkaa Sakariye kooni kama mwiba wa samaki mwenyewe. Aliyatafuna alipokuwa akikwangua kwa randa, maganda mekundu yakidondoka mezani kama ya msonobari. Lakini hakuacha kukwangua.

*

Wazee walikaa juu ya mikeka, mafimbo yao yakiwa yameegemezwa ukutani, ndevu nyekundu kwa hina. Mkubwa wao alikuwa Mzee Salat wa Bute, kipofu wa jicho moja, mtu ambaye akikohoa watu hungoja kuona kama atasema. Chifu alivaa kanzu mpya. Alipita akigusa mabega, akicheka kabla ya vichekesho.

Walikula. Kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa kelele. Mishikaki iliisha. Wali wenye ufuta uliisha. Supu ilipofika, Mzee wa Balambala aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akaomba nyingine.

"Abdimalik," alisema, "umepata mpishi. Hapo nje nimeona watu wa mtoni wanapita na mizigo yao. Hawa bado wako wengi?"

"Wapo, adeer. Wananuka kama wavu." Chifu akainua bakuli lake. "Ndiyo maana nimewaleta hapa ndani, mle chakula cha watu."

Kicheko kikavuma. Sakariye alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa amejipangia maneno, marefu, yenye mbwembwe. Yote yakamkimbia. Akarudi ndani, akachukua kile kitambaa cha kuchujia, kizito na chenye kudondosha maji, akaja nacho mpaka katikati ya mikeka, akakifungua juu ya sinia. Mabaki ya samaki yalikaa pale, na kichwa kimoja cha ngege alichokuwa amekitia makusudi, macho wazi.

"Supu mliyokunywa ni hii," alisema. "Samaki wa Tana. Amevuliwa na shemeji yangu. Chifu anaijua, ameinywa mwaka mzima, kila siku anaomba nyingine."

Mtu mmoja akatema. Mwingine akasimama akijifuta ulimi kwa kilemba. Mzee wa Balambala alilitazama bakuli lake tupu kama mtu aliyemkuta mke wake sokoni na mwanamume mwingine. Sakariye akachukua kipande cha samaki kwa vidole, akakitia mdomoni, akakitafuna mbele yao wote. Hata yeye hakujua kama anafanya hivyo kwa ajili ya chifu au kwa ajili ya Bonaya.

"Mwongo!" Chifu alikuwa amesimama, kanzu imemwagikiwa. "Mwongo huyu! Mimi? Mimi nile samaki? Wazee wangu, nisikilizeni, hakuna mtu anayewachukia hao wala samaki kama mimi, mji mzima unajua!"

"Umelamba bakuli, Abdimalik," mtu alisema, na mwingine akacheka kwa pua.

Kile kicheko cha pua ndicho kilichommaliza. Chifu akapandwa na wazimu. Akamnyooshea Sakariye kidole, lakini alikuwa akiwaambia wazee, akiwasihi.

"Muulizeni yeye! Mke wake mwenyewe alikuwa wa hao hao! Boti ilikuwa mkononi mwangu, inafanya kazi, petroli tele, akaja ofisini kunililia. Nikasema siwezi kuwapakia hao wala samaki kwenye boti ya serikali, waogelee, maji ni yao! Sasa mtu aliyesema hivyo, atakula samaki? Semeni wenyewe!"

Alihema, akawatazama mmoja mmoja, akingoja waseme.

Waliokuwa wakitema waliacha kutema. Samsam, aliyekuwa amebeba sinia la ndizi, aliliteremsha chini taratibu kana kwamba ndani mna mtoto aliyelala.

Mzee Salat akakohoa.

"Huyo mwanamke," aliuliza, jicho lake zima likimkazia chifu, "alikufa?"

Chifu akaanza kujifuta kanzu.

"Alikufa na mtoto tumboni," Sakariye akasema. "Na huyu aliniapia injini imekufa."

"Aliapa?"

"Kwa Mungu. Mbele ya ofisi."

Mzee akanyoosha mkono ukutani, akachukua fimbo yake. "Sisi tulikuja kuchagua msemaji. Tumemsikia akisema." Akasimama, wenzake wakasimama. "Samaki tutakwenda kusukutua midomo, si jambo. Hili lingine ni damu. Mtu mwenye damu isiyolipwa hawezi kutusemea. Na damu ya mwanamke, Abdimalik, unajua hurudi kwa nani. Hairudi kwa mume. Hurudi kwa ndugu zake. Utakwenda mtoni, utawatafuta, utakaa chini mbele yao, na wao ndio watakaosema wanataka ngamia wa fidia au hawataki. Mpaka siku hiyo, usiniamkie."

Wakatoka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemuaga chifu. Hakuna aliyemuaga Sakariye pia.

*

Ukoo ulikuwa umemtupa chifu, lakini serikali haikumtupa. Serikali huwa haitupi vitu vyake vibovu. Asubuhi greda la baraza la mji lilikuja. Dereva aliona haya, akampa Samsam muda wa kutoa sufuria na soya. Mabati yalilia kidogo tu. Watu walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama, wakiwemo waliokula pale miaka yote, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali, maana nani ajuaye walikuwa wakitiliwa nini kingine.

Walihamia upande wa pili wa daraja, chini ya turubai, ambako madereva wa malori walikula chochote kilicho moto. Samsam aliwahudumia bila kuzungumza na baba yake ila ya kazi: chumvi, kuni, maji yameisha.

Na chifu alikwenda mtoni. Mara ya kwanza alituma wajumbe na barua, Bonaya akawaambia haongei na barua. Mara ya pili akaja mwenyewe na gari, matope yakalikataa, akarudi. Mara ya tatu alikuja kwa miguu, viatu mkononi, suruali ya kaki imekunjwa hadi magotini, akapita mbele ya turubai la Sakariye bila kugeuza shingo. Wanawake wa mashambani waliacha majembe wakamtazama.

Siku hiyo Bonaya alikuja chini ya turubai. Aliketi, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Yuko pale kwenye jua. Amekubali yote. Ngamia wa mama na wa mtoto. Wazee wangu wanasema tuchukue, tumechoka kuwa watu wasio na kitu." Akamtazama. "Sheria inanipa mimi. Lakini alikuwa mkeo. Nikipokea, nitakupa nusu. Utajenga mkahawa wa mawe kesho kutwa. Sema wewe."

Samsam alikuwa akikata ndizi. Kisu kikasimama.

Sakariye alitazama nje. Chifu alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia magotini, jasho likimchirizika shingoni. Alionekana mdogo. Ukubwa wote ule, kumbe ulikuwa wa watu waliomzunguka. Akipokelewa ngamia wake, atainuka pale, atanawa miguu, wazee watamwamkia, na kabla ya mvua kuanza atakuwa amekalia kiti cha mtu mwingine tena.

"Akishalipa," Sakariye aliuliza, "imekwisha?"

"Imekwisha. Hakuna atakayemtajia tena."

"Basi mwambie bado. Mwambie arudi mvua zijazo."

"Na mvua zijazo?"

"Mwambie vivyo hivyo."

Bonaya alikizungusha kikombe, akamalizia chai. Mwishowe akainuka, akamwendea yule mtu jiweni, akainama na kumwambia jambo. Chifu akasimama. Akangoja kidogo, kana kwamba huenda wakabadili, kisha akaokota viatu vyake na kuanza kurudi kwenye matope.

"Na mimi je, Aabo?" Samsam akasema. "Na mimi nirudi mvua zijazo?"

Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza karibu na ndizi. Akajifunga mtandio na kuelekea darajani, upande wa mjini, upande wa steji ya mabasi. Hakukimbia. Angeitwa, angesikia.

Sakariye hakumwita. Alimfuata chifu kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka matete yalipomfunika. Ndipo tumbo lake liliponguruma. Tangu mafuriko alikuwa anaonja tu, ncha ya kijiko, kama kazi inavyotaka. Alijipakulia bakuli la baasto lililojaa mpaka ukingoni, akaketi kwenye benchi peke yake, na dereva mmoja wa lori alipokuja akauliza kama kuna chakula, alitikisa kichwa kumkatalia, mdomo umejaa, akaendelea kula.